Faili zikifutika, fundi usikimbilie kufomati

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua niseme jambo ambalo limenikaa kooni tangu mwezi wa nne. Najua si letu peke yetu, maana hapa Kayole huu ni mwaka wangu wa tisa kwa kazi ya saiba, duka la intaneti na kuprinti, na haziishi wiki mbili kabla mtu hajaingia na laptopu kwapani, macho mekundu, aniulize, bosi, vitu zangu zimefutika, zitarudi? Nataka kuongea na watu wawili, yule aliyefuta na yule fundi anayepelekewa mashini. Na sana sana huyu wa pili.

Dadangu mdogo yuko koleji na anatumia laptopu ya mtumba yenye disku ya 500GB, ile ya zamani ya kuzunguka. Nilimwekea Linux Mint, mfumo wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, mimi mwenyewe kwa sababu haina leseni ya kulipia na mashini kuukuu inaibeba bila kuhema. Humo ndani alikuwa na kazi zake za masomo lakini pia kulikuwa na folda moja ya baba. Baba alituacha 2021, na simu yake ilipoanza kufa skrini tukahamisha kila kitu kwa hiyo laptopu, picha kama mia mbili hivi na zile sauti alikuwa akituma, kwa sababu mzee hakupenda kuandika meseji, alikuwa anabonyeza anaongea, anaanza na kukohoa kidogo halafu anakuita jina lako lote. Nakala nyingine hatukuwa nayo. Hilo kosa ni letu kama familia na nalisema wazi.

Sasa Jumapili moja jioni laptopu ikaanza kulia kwamba disku imejaa, naye akataka kumwaga folda ya Downloads. Koleji wamefunzwa amri ya rm, ile ya kufuta, kwa hivyo akafungua terminali, lile dirisha la kuiandikia kompyuta amri, akaandika rm -rf Downloads/ * na akabonyeza enta. Angalia vizuri hapo Mhariri, kuna nafasi kabla ya ile nyota. Bila hiyo nafasi amri inasema futa vilivyo ndani ya Downloads. Ukiweka nafasi zinakuwa amri mbili kwa mpigo, futa Downloads yenyewe, halafu futa kila kitu kilicho hapa niliposimama, naye alikuwa amesimama kwa folda yake ya nyumbani. Ile -f maana yake usiniulize, na kweli Linux haikumuuliza. Zilibaki zile folda zilizofichwa tu, zenye nukta mbele ya jina, kwa sababu nyota haizigusi.

Aliogopa kuniambia. Jumatatu asubuhi akapanda matatu akaipeleka tao kwa fundi, ambaye hakumuuliza nini kimetokea, alifungua tu akasema sistimu imekorapti, iache hapa urudi jioni. Jioni akalipa 2,500 akapewa laptopu safi kama mpya, ina Windows, ina programu za kila aina, na akaambiwa zile faili zilikuwa zimeisha kabisa kabla hata hajafika. Hapo ndipo alikuja kwangu. Alisimama mlangoni akasema, kaka, nimemfuta baba. Mimi sikuwa na la kumjibu.

Wacha nieleze vile mambo yako, kwa sababu watu wengi wanadhani kufuta faili ni kama kuchoma karatasi. Chukua ploti ya nyumba za kupanga, kama hizi za Umoja au Pipeline. Keretaka ana kitabu, na kwa kila nyumba ameandika jina la mpangaji. Unapofuta faili, kompyuta inachofanya ni kukata jina kwa kitabu na kuandika nyumba iko wazi. Kochi liko ndani, sufuria ziko ndani, pazia bado linaning'inia dirishani. Vitakaa hivyo hivyo hadi aje mpangaji mwingine, na mpangaji ni kitu chochote kipya kinachoandikwa kwa hiyo disku, iwe apdeti, iwe kurasa za intaneti ulizofungua ukitafuta msaada, iwe video umedaunlodi, hata hiyo programu ya kurudisha faili yenyewe ukiiinstoli hapo hapo. Mpangaji mpya akishaingia anatupa kochi nje na hapo hakuna fundi atakurudishia, awe wa Luthuli, ule mtaa wa mafundi hapa tao, au wa Marekani.

Linux nyingi zinahifadhi faili kwa mfumo unaoitwa ext4, ambao ulitangazwa uko tayari kwa kazi mwisho wa 2008, na huo ni mkali kuliko ule wa zamani wa ext2. Ukifuta faili kwa ext4 haikati jina tu, inafuta pia ile karatasi inayosema faili hii iko vyumba gani. Lakini ext4 ina daftari la pembeni ambamo inaandika mabadiliko kabla ya kuyafanya, ili stima ikipotea ghafla mambo yasivurugike, na kwa hilo daftari mara nyingine inabaki nakala ya ile karatasi ya zamani. Kuna programu za bure, extundelete na ext4magic, kazi yao ni kuchimba humo, na zikibahatika zinakurudishia faili na majina yake na folda zake vile vile zilikuwa. Ila daftari lenyewe ni dogo na linazunguka, likijaa linaanza kuandika juu ya kurasa za mwanzo, ndiyo maana mashini ikiendelea kutumika hata kama ni kwa kusoma habari tu unazidi kujimaliza.

Kwa hivyo fundi alipofomati alifanya nini? Alichoma kitabu cha keretaka na daftari vyote pamoja, akaleta keretaka mpya, halafu akaingiza makumi ya GB ya wapangaji wapya. Mashini ilifika kwake ikiwa na nafasi nzuri ya kurudisha folda ya baba ikiwa na majina yake, ikatoka bila. Hilo ndilo linaniuma, na si kwamba namwita mwizi, naamini alidhani anasaidia, kwa sababu hapa kwetu laptopu ikikohoa dawa ni moja, piga Windows mpya.

Nilichofanya mimi ni hiki. Nilizima laptopu nikatoa disku, nikaiunganisha kwa kompyuta yangu ya saiba kwa waya wa USB bila kuifungua kwa kuandika, nikanakili disku nzima, kila chumba, chenye mtu na kisicho na mtu, ikawa faili moja kubwa kwa disku ya nje ya 1TB. Nilitumia programu ya ddrescue, ile ya GNU, ambayo kwa Ubuntu na Debian, aina nyingine za Linux, ukiitafuta inaitwa gddrescue. Ni afadhali kuliko dd, amri ya kawaida ya kunakili kwa Linux, kwa sababu disku ikiwa imeanza kuumwa inaruka pale pabaya inaendelea, inarudi baadaye kujaribu tena, na inaweka rekodi ya pale ilipofika, kwa hivyo hata stima ikikatika unaendelea ulipoachia. Na kama utatumia dd nakuomba uangalie mara tatu, if ni unakotoa na of ni unakopeleka, ukibadilisha umefuta kile ulichokuja kuokoa. Kunakili kulichukua karibu saa mbili. Baada ya hapo disku ya dadangu niliifunga kwa bahasha nikaiweka kabatini, kazi yote nikafanyia kwa nakala. Fundi yeyote anayesoma hapa, hiyo hatua moja ingebadilisha kila kitu, kwa sababu ukikosea kwa nakala unafuta nakala unaanza upya, lakini ukikosea kwa disku ya mteja basi umemaliza.

Kwa vile kitabu na daftari vilikuwa vimechomwa, iliyobaki ni PhotoRec. Hii iliandikwa na Mfaransa mmoja, Christophe Grenier, inakuja pamoja na ndugu yake TestDisk, na ni ya bure kabisa. PhotoRec haijali kitabu cha keretaka, inapita mlango kwa mlango ikichungulia. Kila picha ya JPEG inaanza na alama zile zile, FF D8 FF, kwa hivyo ikiziona inajua hapa picha imeanza, inaokota. Inatambua aina zaidi ya 480 za faili, picha, sauti, video, PDF, hati za ofisi. Jina lake linadanganya watu wanadhani ni ya picha tu.

Shida ni kwamba majina yalikuwa kwa kitabu. Unachopewa ni folda zinaitwa recup_dir.1, recup_dir.2 na kuendelea, kila moja faili mia tano, na kila faili inaitwa f na namba ndefu. Na inaokota kila kitu, hata zile picha ndogo ndogo za matangazo na aikoni na vipicha vya kurasa alizowahi kufungua mwaka juzi. Sisi tulipata faili zaidi ya elfu thelathini. Tulikaa usiku tatu, mimi, dadangu na mama, mama akiwa na miwani karibu na skrini akisema hapana, hapana, huyo ni nani, hapana. Kilichotusaidia ni kwamba picha ya simu inabeba ndani yake tarehe iliyopigwa na aina ya simu, kwa hivyo kwa programu ya exiftool nikachambua zote zilizopigwa na simu ya baba nikaziweka pembeni, kutoka elfu thelathini tukabaki na mia na kitu.

Katika hizo, nzima zilikuwa 83. Nyingine zilikuwa nusu, juu unaona kofia yake na ukuta wa nyumba ya ushago, chini ni kijivu tupu, kwa sababu PhotoRec ikikuta faili ambayo vyumba vyake havijafuatana inaokota mwanzo tu, au pia inawezekana mpangaji mpya tayari alikuwa ameingia hiyo nusu ya chini. Sauti tulipata kumi na moja. Ya kwanza kufungua ilikuwa ile ya kukohoa. Mama aliomba tuirudie, tukairudia, halafu akaenda jikoni akakaa huko kidogo.

Nimesema disku ya dadangu ilikuwa ile ya kuzunguka, na hapo ilikuwa bahati. Laptopu nyingi za sasa zina SSD, disku zisizo na kitu cha kuzunguka ndani, na hizo mambo yake ni mengine. Linux inaambia SSD ni nyumba gani ziko wazi ili izisafishe kabla ya mpangaji mpya kuja, hiyo kazi inaitwa TRIM, na kwa Ubuntu kuna ratiba inayoifanya yenyewe mara moja kwa wiki, Jumatatu inapoanza tu usiku wa manane. Ukifuta kitu kwa SSD siku ya Jumapili na mashini ikawaka hadi Jumatatu, uwezekano mkubwa ni kwamba kochi na pazia vimeshatolewa, na PhotoRec ikichungulia itaona sifuri tupu. Nimekuwa na mteja hivyo, kijana wa kupiga picha za harusi, nikamwambia ukweli na sikumtoza. Mwenye SSD asingoje hata usiku mmoja.

Watu wananiuliza, kwa hivyo nikifuta kitu nifanye nini dakika hiyo hiyo? Zima. Usiendelee kubonyeza ukitafuta, usidaunlodi kitu, zima, halafu uwashe kwa flashi yenye Linux, zile unazowasha bila kugusa disku, au utoe disku umpe mtu anayejua. Lakini kuna wakati mmoja ambapo kuzima ndiyo makosa, na wachache wanalijua. Kama faili uliyofuta bado imefunguliwa na programu fulani, tuseme video inacheza au programu ya hesabu bado inaandika kwa faili yake, basi Linux inakata jina kwa kitabu lakini haimtoi mpangaji hadi ile programu ifungwe. Usifunge hiyo programu. Fungua terminali uandike lsof +L1, itakuonyesha faili zote ambazo hazina jina tena lakini bado zimeshikwa, pamoja na namba ya programu iliyozishika na namba ya mshiko. Ikikuambia programu ni 4321 na mshiko ni 7, unanakili /proc/4321/fd/7 unaipeleka kwa flashi, na faili yako imerudi nzima. Niliokoa hivyo rekodi ya mkutano wa chama cha kina mama wa hapa mtaani, dakika arobaini, katibu alikuwa ameifuta huku bado anaisikiliza.

Na kabla ya yote hayo angalia takataka. Ukifuta kwa kubonyeza ile dirisha la faili badala ya terminali, kitu hakijafutwa, kimehamishiwa folda iliyofichwa ya .local/share/Trash, na kando yake kuna karatasi inayosema kilitoka wapi na kilifutwa lini. Kwa flashi inaweka folda inaitwa .Trash-1000 au namba nyingine, na bonyeza Ctrl na H ndiyo uione. Hii inaleta mambo mawili hapa saiba kila siku. Kuna wanaolalamika flashi imejaa na wameshafuta kila kitu, kumbe vyote viko humo. Halafu kuna wale wanaokuja kuprinti kitambulisho na PIN ya ushuru na barua ya hospitali, wanafuta mbele yangu wanaenda wakidhani imeisha. Mimi humwaga takataka kila mteja akitoka, lakini mwambie mwenye saiba yako amwage ukiwa bado umesimama hapo. Sheria ya kulinda data ya 2019 inamhusu pia mtu wa saiba na fundi, vitu vya mteja si vya kukaa kwa kompyuta yako baada ya kazi kuisha. Ukimpelekea fundi disku akurudishie picha ujue ataona kila kitu, muulize nakala ataifuta lini.

Dadangu bado anajilaumu na nimemwambia kitu ambacho ni kweli. Mwaka 2017, tarehe 31 Januari, mhandisi wa GitLab, kampuni inayotunza kazi za maprogramu dunia nzima, alikuwa amechoka usiku akafuta folda ya hifadhidata kwa seva isiyo yenyewe. Katika karibu GB 300 ilibaki 4.5 alipogundua. Walikuwa na njia tano za bakapu na hakuna hata moja iliyofanya kazi sawasawa. Kilichowaokoa ni nakala ambayo mtu alikuwa ameipiga kwa mkono saa sita kabla, na kazi ya hizo saa sita ikapotea. Wao wenyewe walieleza yote hadharani bila kumtaja huyo mhandisi kwa ubaya, na hiyo naiheshimu sana.

Sasa ombi langu kwa mafundi wa tao, na nawaomba kama ndugu wa kazi moja. Mteja akileta mashini mwulize swali moja kabla ya kushika chochote, kuna kitu humu ndani unakihitaji? Akisema ndiyo, nakili disku kwanza. Kama huna disku ya kutosha mwambie alete, au mwambie hii siwezi, peleka kwa fulani. Mteja hajui tofauti ya kufomati na kutengeneza, ameona tu skrini imewaka, na akifika nyumbani ndipo anajua amelipia nini. Na walimu wa koleji, mnapofunza rm siku ya kwanza mfunze pia rm -i inayouliza, na muwaonyeshe ls, amri ya kuorodhesha faili, na ile nyota kwanza waone ni nini kitaguswa kabla hawajaandika rm. Ni nusu dakika hiyo.

Zile sauti kumi na moja ziko sasa kwa flashi ya mama, kwa kompyuta yangu na kwa disku ya binamu yetu Nakuru. Video ya siku baba alipotimiza miaka sitini hatujaipata. Ile nakala ya disku ya dadangu sijaifuta, nimeiweka kando, na nikipata muda Jumapili huwa naifungua tena.

Ni mimi msomaji wenu,
Kayole, Nairobi